Nyuzi nene na sauti ya chini: gitaa langu la umeme linahitaji marekebisho gani?

Swali, kutoka kwa Mpiga Besi Zamani

Ndugu wapiga gitaa, gitaa langu lina daraja (kipande cha kwenye mwili kinachobeba nyuzi) lisiloyumba, na urefu wa uzi unaotetemeka ni milimita 648. Kwa muda mrefu nimelifunga nyuzi za 10 hadi 46 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) na kulityuni katika E ya kawaida. Bendi yetu sasa inapiga katika C, yaani nyuzi zote zimeshuka nusu-toni 4, nami nimefunga nyuzi za 12 hadi 56. Tangu siku hiyo uzi wa sita, ulio mnene kuliko yote, unakwaruza ninapoubana kwenye freti (vyuma vinavyokatiza shingo) za 2 hadi 5. Ninapoutyuni unalia "tik" karibu na kichwa cha gitaa kisha sauti inaruka ghafla. Na ninapoubana kwenye freti ya 12 sauti inakuwa juu kuliko inavyopaswa. Nianzie wapi?

Jibu, kutoka kwa Sauti ya Nane

Nyuzi nene huvuta shingo kwa nguvu zaidi. Kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko, kisha usikilize tena.

Jibu, kutoka kwa Fundi Mvumilivu

Naomba nitofautiane na ndugu aliyetangulia, kwa sababu ushauri huo utaongeza tatizo. Mvuto wa uzi hautokani na unene peke yake, bali pia na mraba wa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi wa sita ukiwa E hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, na ukiwa C hutetemeka mara 65.4; hivyo uzi uleule ukishushwa hadi C hupoteza takriban asilimia 37 ya mvuto wake. Ili mvuto urudi ulivyokuwa, kipenyo lazima kiongezeke kwa asilimia 26 hivi: 10 iwe karibu 12.6, na 46 iwe 58. Wewe umefunga 12 hadi 56, kwa hiyo shingo yako inavutwa kidogo kuliko awali, nayo imerudi nyuma. Ndiyo maana mkwaruzo uko kwenye freti za mwanzo.

Pima kabla ya kugusa chochote, gitaa likiwa tayari limetyuniwa C. Bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na mwili, kisha utazame nafasi iliyopo juu ya freti ya 7. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ikiwa ni pungufu, legeza fimbo kwa sehemu ya nane ya mzunguko, tyuni upya, pima tena. Usiilazimishe fimbo inayokataa kuzunguka.

Jibu, kutoka kwa Tupa Ndogo

Mlio wa "tik" ni wa kile kipande chenye mifereji kinachotenganisha shingo na kichwa. Mifereji yake ilichongwa kwa uzi wa 46, ambao ni milimita 1.17, nawe umeingiza uzi wa milimita 1.42, kwa hiyo unabanwa. Panua mfereji kwa tupa nyembamba, ukiielekeza chini kidogo upande wa kichwa, lakini usiongeze kina hata kidogo, kwani mfereji ukizama, uzi usiobanwa utagonga freti ya 1. Unga wa penseli husaidia uzi kuteleza.

Freti ya 12 iache mwisho, baada ya shingo na kimo cha nyuzi kutulia. Sauti iliyobanwa ikiwa juu kuliko ile inayotoka ukiugusa uzi tu hapo hapo bila kuubana, sogeza kibebeo cha uzi huo kwenye daraja mbali na shingo.

Mpiga Besi Zamani

Nashukuru sana. Juu ya freti ya 7 hapakuwa na nafasi yoyote niliyoweza kuiona. Nimelegeza fimbo mara mbili kwa vipimo vile vidogo, na mkwaruzo umekwisha. Mfereji nao umepanuliwa. Kilichobaki ni kibebeo cha uzi wa sita, ambacho kimefika mwisho wa skrubu yake na sauti bado iko juu kidogo.

Tupa Ndogo

Tazama kama kuna springi nyuma yake. Ukiikata nusu, kibebeo kitapata nafasi ya kurudi nyuma zaidi.