Tupeane uzoefu: Kuwasha na kuzima vitu vya nyumbani ukiwa mbali

Wakuu, salaam. Nakaa Njiro, Arusha, na kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani, naweza kukosekana nyumbani siku sita. Nina pampu ya HP 1 inayopandisha maji kwenye simtanki. Nikanunua soketi ya waifai, nikaiunganisha na simu. Raha iliyoje: niko Karatu, nabonyeza, maji yanapanda Njiro.

Mwezi wa pili nimerudi, nakuta soketi imegeuka njano upande mmoja, inanuka plastiki. Simu inasema imezima, pampu bado inanguruma! Fundi akaifungua: vile vibati viwili vinavyogusana ndani vimeungua na kushikana. Soketi ni ya 10A, yaani umeme inaoweza kupitisha ni ampea 10. Pampu ikishazunguka haifiki huko, ila mota wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Akanifungia kontakta, yaani swichi kubwa inayowashwa kwa umeme, ibebe mzigo, waifai ibaki kutoa amri tu, na floti kwenye tanki ikate maji yakijaa.

Nanyi leteni ya kwenu. Mlifunga nini, kikawafanyia nini?

Sakina: Pole mkuu. Hita ya kuogea ya 5,500W ndiyo kabisa msijaribu. Gawanya kwa 230V, ni karibu 24A. Hata soketi ya 16A haiiwezi. Mimi nimeishia kwenye taa za nje.

Machame: Kwetu waifai hakuna. Tulifunga kiboksi chenye laini ya simu: unakibipu, kinaitambua namba yako, kinakata simu na kuwasha au kuzima taa za uani. Salio haliliwi. Tuko ndugu wanne, watatu wako Dar, namba zetu zote zimo. Ila laini yenyewe tunaiwekea vocha mara kwa mara, isije ikafungwa kwa kukaa bila kutumika.

Tulipokosea ni kutomwambia mama. Usiku wa kwanza mdogo wangu akabipu kuzima, kumbe mama ndiyo anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Giza likamkuta katikati ya uwanja. Alisimama pale pale akiita majirani mpaka wakaja na tochi. Asubuhi akatupigia: "Wanangu, anayeishi humu ni mimi." Iliniuma sana. Fundi akarudi, akaunga kile kiboksi na swichi ya ukutani kama taa ya ngazi yenye swichi mbili, mama akiwasha kwa mkono inawaka, nasi tukibipu inawaka. Na siku hizi tunampigia kwanza.

Soweto, Moshi: Angalieni umeme ukikatika na kurudi. Mimi nilichomeka pasi kwenye soketi hizo kwa sababu huwa nasahau kuzima. Umeme ukakatika nikiwa napiga pasi, nikaiacha juu ya sketi ya shule ya mwanangu, nikaenda Kiboriloni. Uliporudi, soketi nayo ikawaka. Ruta ilichelewa kuamka, kwa hiyo simuni sikuona kitu. Sketi ilitoboka shimo la kiganja, na ubao chini yake mweusi. Ingieni kwenye mipangilio, chagueni soketi ibaki imezima umeme ukirudi. Pasi nimeitoa kabisa.

Njiro: Asanteni sana. Wa Machame, hiyo ya swichi ya ukutani, kiboksi kilikuwa na matundu matatu ya nyaya au mawili? Mama yangu yuko Usa River peke yake. Jumapili naenda kumuuliza kama anaitaka.