Naomba ushauri: makovu kwenye ini na hizi dawa za kupandisha kinga

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, bro wangu ana homa ya ini B, juzi kapimwa ugumu wa ini ikasoma 8.2 kPa (kipimo cha ugumu), daktari akasema makovu yameanza ila hajafika sirosisi (ini kujaa makovu), kaanzishiwa tenofoviri, dawa ya kuzuia kirusi kisizaliane, kidonge kimoja kila siku. Sasa mama mdogo kashuka toka Kiboriloni na chupa ya majani, anasema inapandisha kinga na kinga ikipanda ini linapona.

Hapo ndo nashindwa kuelewa, maana nilivyosoma kirusi chenyewe kwa kawaida hakiui seli za ini, ni askari wa mwili ndo wanashambulia zile zilizoambukizwa. Zile seli za kinga zinazoishi ndani ya ini, za Kupffer, zikichokozwa miaka na miaka zinatoa kemikali kama TGF-beta inayoamsha seli za steleti (seli nyingine za ini), nazo zinaanza kumwaga kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, ndo kovu lenyewe. Na hapohapo kuna makrofaji zingine (seli za kinga za aina moja na hizo za Kupffer) zinameng'enya kovu uvimbe ukitulia! Sasa unapandisha kinga ipi?

Halafu baadhi ya miti shamba inaumiza ini kabisa, nina hofu kwelikweli.

Wenye mgonjwa wa hivi au mnaofanya kazi kliniki, namwambiaje mama mdogo bila kumvunjia heshima? Na kuna ambaye kipimo chake kilishuka akiwa kwenye tenofoviri, ilichukua muda gani? Mbege nimeshamwambia bro aache.