Naomba ushauri: kuhamisha Thunderbird kwenda kompyuta mpya

Wakuu habari zenu. Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, na siachi, maana ni programu huria na viendelezi vyake vinanirahisishia kazi sana. Sasa nahamia kompyuta mpya. Akaunti za IMAP hazinipi shida, barua ziko kwenye seva. Hofu yangu ni akaunti ya POP: barua za kazi za miaka mingi zimo kwenye diski tu, hakuna nakala kwingine, na sitaki hata moja ipotee.

Nikifunga programu nikanakili folda nzima ya profaili (ambamo Thunderbird huhifadhi barua na mipangilio yangu), vichujio na anwani vitakuja vyote? Halafu faili la mbox la Inbox (faili moja lenye barua zote za folda hiyo) limekuwa kubwa mno. Je, nibane folda (compact, yaani kuondoa kabisa barua nilizokwisha kufuta) kwanza ndipo ninakili, au ninakili kwanza? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze tafadhali.