Stardew Valley au Terraria? Laptop ni moja na dogo anaondoka mwezi wa saba

Mwana_Gungu
Wakuu habari za humu. Niko Kigoma, Gungu, naishi na mdogo wangu, kamaliza form four na kapangiwa form five Tabora, bweni, kwa hiyo mwezi wa saba anapanda treni mimi nabaki na nyumba. Hizi wiki zilizobaki nataka tucheze gemu moja pamoja, sio kila mtu na simu yake nyumba kimya. Nimebakiza mbili, Terraria dola 9.99 na Stardew Valley dola 14.99. Moyo uko Terraria, ni bei ndogo na dogo anapenda mapigano, ila laptop ni hii moja tu, RAM GB 4. Nisaidieni kabla sijaweka hela kwenye kadi.

kasulu_boy
Terraria mkuu. Unachimba, unajenga, usiku mazombi hayo, mnapambana na mabosi, yale madude makubwa, mpaka kunakucha. Stardew ni kumwagilia mboga na kugawa zawadi kijijini, dogo atasinzia

Mama_Wawili
Kaka kasulu laptop ni moja. Terraria ya kompyuta haigawi skrini wawili mcheze kwenye kioo kimoja, kila mtu awe na mashine yake na kopi yake, hiyo 9.99 inakuwa karibu 20 na bado uazime laptop ya pili. Stardew inagawa skrini tangu mwisho wa 2020, kopi moja inatosha. Mimi na mume wangu hapa Tabora tumeicheza hivyo masika nzima, mmoja kibodi na mausi mwenzie pedi ya gemu, ile ya kushika mkononi. Na nani kasema atasinzia, mpeleke mgodini usiku damu imebaki kidogo uone. Uvuvi ndo usiseme, samaki wa mle anavutana na wewe kweli, wewe wa ziwani utapenda. Anzeni na shamba la Four Corners, lina pande nne kila mtu anachukua wake, halafu hela tenganisheni, sisi tulitenganisha baada ya mwenzangu kumaliza zote kwenye mbegu za stroberi

fundi_pedi
Naongezea kwenye pedi. Hizi za USB za bei ya chini nyingi gemu haizitambui, usikimbilie kuirudisha dukani, fungulia gemu ndani ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni unakonunulia, nenda sehemu ya kontrola uwashe Steam Input upange vitufe mwenyewe. Halafu umeme. Stardew inasevu mkilala tu, siku ya mle ni kama dakika 14, sasa kama betri ya laptop imekufa na umeme ukakatika siku yote imeenda. Ikigoma kabisa omba hela yako Steam ndani ya siku 14, ila usiwe umecheza kufika masaa mawili

Mwana_Gungu
Asanteni sana, hilo la skrini sikulijua kabisa. Dada, dogo akishaondoka vitu vyake vinafutika?

Mama_Wawili
Havifutiki mdogo wangu. Shamba linakaa kwenye laptop yako, kibanda chake na masanduku yake vinabaki vile vile. Unaweza kuendelea peke yako ila mimi ningekuwa wewe ningeanzisha lingine, hilo lenu nikaliacha siku ile ile mliyolala mara ya mwisho, akirudi likizo mnaamka wote

Mwana_Gungu
Nanunua Stardew. Kesho nashuka Mwanga kutafuta pedi