Ushauri: Land Rover Series III ibaki na injini yake au nifunge 200Tdi?

Mrithi76:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Series III fupi, inchi 88 kati ya ekseli, ya mwaka 1976, niliyoachiwa na mzee wangu. Injini ni ileile ya kiwandani, petroli lita 2.25, gia nne. Bodi na chesisi viko imara. Shida ni safari ndefu: ikikaribia kilomita 80 kwa saa injini inalia utadhani inaomba gia ya tano, milimani inachoka, na mafuta inabugia. Fundi anataka tufunge 200Tdi, injini ya dizeli yenye turbo, kutoka kwenye Land Rover Discovery. Roho inasita, maana namba ya injini bado inalingana na kadi. Mnasemaje?

Kabureta:
Usiishushe! Gari la umri huo lenye injini yake ya kuzaliwa ni adimu. Hata FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huanza na miaka 30 kisha huangalia kama gari limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Halafu, umepima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda? Umerekebisha valvu, pointi na kabureta? Injini iliyochoka hunywa sana na haipandi mlima. Huenda unailaumu Series kumbe inadai sevisi tu.

FundiDizeli:
Mimi nazipenda 200Tdi. Ni lita 2.5, farasi 111 kwenye Discovery. Yako ina kama 70. Na 200Tdi inashikana na gia boksi ya Series bila adapta. Ila turbo ya Discovery imekaa chini, inagombana na chesisi, na hapo ndipo watu wanapochukua grinda kuikata chesisi. Ya Defender turbo iko juu, afadhali hiyo.

Ambalo fundi wako hajakwambia ni yanayofuata. Gia boksi yako haikuundwa kwa nguvu hizo. Hafu shafti za nyuma, vyuma vinavyozungusha magurudumu kutoka kwenye difu, zina meno 10 upande wa difu, na zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini ya petroli ukikanyaga kwa pupa. Na breki ni za dramu magurudumu yote manne. Ukiongeza mwendo kabla ya breki unajitafutia msiba.

GiaYaPili:
Mbona hamtaji overdrive ya Fairey, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini? Inafungwa kwa bolti nyuma ya transfa, boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, hukati chochote, na ni kifaa cha zama hizohizo. Mizunguko ya injini inashuka kama asilimia 22 kwa mwendo uleule. Mlimani haikuongezei nguvu, lakini kwa kelele ya kilomita 80 ndiyo dawa yake. Ina oili yake yenyewe, kidogo sana, kwa hiyo kagua kila mara, ikikauka imekufa.

Mrithi76:
Asanteni sana. Naanza na kompresheni na breki, kisha natafuta overdrive. Grinda haitagusa chesisi ya mzee. Nikija kufunga dizeli baadaye, injini hii naihifadhije?

FundiDizeli:
Mwaga maji yote ya redieta, tia oili kidogo kila silinda kupitia tundu la plagi, rudishia plagi, ziba manifodi na kabureta. Iweke juu ya mbao, si sakafuni, na uizungushe kwa mkono mara kwa mara ili ringi za pistoni zisigande.