Mzambia anataka nyumba ya wapangaji Iyunga: hati iwe jina la nani?

Nakonde_Tunduma
Habari wakuu. Mimi ni raia wa Zambia, biashara zangu ziko Tunduma na Mbeya. Nimeonyeshwa nyumba Iyunga, jijini Mbeya, karibu na chuo kikuu cha MUST: uniti nne, kila moja chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Bei milioni 95, kodi 150,000 kwa mwezi kila uniti. Dalali anasema hati ikae jina la rafiki yangu Mtanzania, sisi tuandikiane pembeni kwa mwanasheria. Ni salama?

Mzee wa Hati
Si salama ndugu yangu, usitoe hata kishika uchumba. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inampa asiye raia ardhi kwa uwekezaji tu, tena kwa hati isiyo asili (haki ya kutumia inayotokana na hati ya mwingine) kupitia TISEZA, mamlaka ya uwekezaji iliyochukua nafasi ya TIC mwaka 2025. Chini ya sheria ya uwekezaji ya 2022, mtaji wa mgeni ulianzia dola 500,000. Nyumba hii iko mbali sana na hapo.

Hayo maandishi ya pembeni yanathibitisha tu kwamba mlikwepa sheria. Rafiki akifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi yake. Akiiweka rehani, benki inaangalia jina la kwenye hati. Kampuni nayo ikiwa na wageni wenye hisa nyingi, inahesabiwa mgeni.

Nakonde_Tunduma
Nikiwa na asilimia 40 ya hisa, raia wawili wakabaki na 60?

Mzee wa Hati
Hapo kampuni inaweza kumiliki, ilimradi hao raia wawe wanahisa wa kweli, wametoa fedha na wana kura. Ukubali kuzidiwa kura. Mkataba wa wanahisa useme mapema nani anauza hisa kwa nani, na kwa bei ipi. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi ofisi ya ardhi (uone kwenye daftari nani anamiliki), na mwenzi wa muuzaji asaini ridhaa. Muhuri wa mtaa peke yake si hati.

Fundi Uyole
Hesabu kwanza: uniti nne mwaka mzima ni 7,200,000. Wanafunzi wakienda likizo ndefu, weka miezi kumi: 6,000,000, yaani asilimia 6.3 ya bei kabla ya matengenezo. Mimi nisingeinunua kwa 95.

Kagua wakati wa masika. Mbeya ni miteremko, maji ya juu yanaingia kwenye msingi na ukuta unapanda unyevu hadi plasta inabanduka. Fungua karo la maji taka: uniti nne kwenye shimo moja dogo lisilofikiwa na gari la maji taka ni ugomvi wa kila mwezi. Kama kuna mto, pima kama nyumba iko nje ya mita 60 kutoka ukingoni, sheria ya mazingira ya 2004 haina huruma.

LUKU iwe mita kwa kila uniti, ila namba zote ziripotiwe kwa wanaokusanya kodi ya jengo, la sivyo kodi hiyo ya 1,500 kwa mwezi, inayokatwa unaponunua umeme, inakatwa mara nne kwa nyumba moja.