Je, niache kusoma riwaya za wengine ninapoandika yangu?

Kalamu Kavu: Ndugu waandishi, salaam. Nimefika sura ya saba ya riwaya yangu ya kwanza, ambayo naiandika alfajiri kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Usiku, kabla ya kulala, nina mazoea ya kusoma riwaya ya mtu mwingine. Juzi nilizipitia upya kurasa zangu nikaona jambo lililonifedhehesha. Sura ya nne ina sentensi fupi, kavu, kama za mwandishi niliyekuwa nikimsoma wakati ule, ilhali sura ya tano imejaa tamathali na sentensi zisizofika kituo, kwa kuwa nilikwisha kuhamia kwa mwandishi mwingine. Msimulizi ni yule yule, lakini anazungumza kana kwamba ni watu wawili. Je, wenzangu mnaacha kusoma mnapoandika?

Msomaji wa Usiku: Usiache. Niliwahi kuacha kwa miezi minne, na nilichovuna ni lugha iliyokauka: vitenzi vilijirudia, na kila mhusika alishusha pumzi ukurasa baada ya ukurasa. Siku hizi nabadili tu aina ya usomaji. Nikiwa katika riwaya nasoma historia, tawasifu na mashairi, maana hivyo hunipa msamiati bila kunipa mwendo wa masimulizi. Ingawa mashairi ya arudhi nayo yana hila zake. Baada ya kuyasoma wiki nzima nilikuta sentensi zangu zinaangukia mizani nane nane.

Bi. Mhariri: Naomba kutofautiana kidogo na aliyetangulia. Naona tatizo ni saa unayosoma kuliko kitabu unachosoma, kwa sababu baina ya usomaji wako na uandishi wako pana usingizi tu, na sauti iliyoingia sikioni mwisho ndiyo inayotangulia kutoka. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta nchini Uingereza, alianza kuandika saa 11:30 alfajiri na kujidai maneno 250 kila robo saa. Hilo la maneno ndilo watu hulikumbuka, lakini mimi nathamini zaidi kwamba nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma kazi yake ya jana, akiupima kwa sikio mlio wa maneno. Nawe anza kwa kusoma kwa sauti kurasa zako mbili za mwisho. Msimulizi wako akishakaa sikioni, mgeni wa usiku hatapata nafasi.

Mzee wa Rasimu: Ushauri wa Bi. Mhariri ni mwema, ila usirudi kuzirekebisha sura hizo mbili sasa. Mimi niliiandika upya sura ya kwanza mara kumi na moja ili sauti ilingane, na riwaya yenyewe haijapata sura ya pili hadi leo. Maliza rasimu kwanza.

Kalamu Kavu: Nawashukuru nyote. Nimejaribu kusoma kwa sauti kwa siku tatu, na ulimi ulijikwaa sana katika sura ya tano, ambayo, kwa bahati mbaya, ndiyo niliyokuwa nikijivunia. Nimeiwekea alama pembeni bila kuigusa, Mzee. Riwaya ya usiku nimeihamishia wakati wa mapumziko ya mchana kazini, na kitandani nasoma historia, ingawa sivuki ukurasa wa pili kabla ya usingizi kunichukua.